Msalaba Uliokataa Sumaku

Jirani zangu, leo cherehani yangu imepumzika, nami nina nafasi ya kusema. Nataka kuwasimulia habari ya nyumba inayotazamana na yangu, mlango kwa mlango, ghorofa ya pili. Wenyewe wameniruhusu. Tena mwenye nyumba aliniambia, "Wasimulie, fundi, lakini usinifanye mwema kuliko nilivyokuwa." Basi sitamfanya.

Ilikuwa nyumba ya raha. Ukipita Jumapili alasiri ungekuta mlango wazi na pazia limepigwa fundo ili upepo uingie. Shoga yangu, yaani mama wa nyumba, yuko kwenye kiti chake anafuma. Binti yao wa pekee, muuguzi, ametoka zamu na ametia miguu kwenye beseni la maji ya moto. Baba naye yuko mezani, ametandaza kitambaa cha kijani na juu yake medali zake, anazigeuza moja moja kwa ncha za vidole. Hakuna aliyemsumbua mwenzake. Nilikuwa nikiingia kuomba chumvi hata kama ninayo, ili nikae nao kidogo.

Mzee huyu kabla ya kustaafu alikuwa mkaguzi wa mizani. Maisha yake yote alizunguka madukani na sokoni na mawe yake ya kupimia, na muuza sukari aliyechezea mizani alimtambua kwa mlio wa viatu kabla hajamwona uso. Mtu wa namna hiyo hastaafu, anabadilisha mizani tu. Alipoacha kazi akaanza kukusanya medali za zamani za jeshi la Wajerumani. Siku moja nilimuuliza kwa nini za Wajerumani, na dunia imejaa medali.

"Kwa sababu hakuna zinazoghushiwa kama hizo," akanijibu. "Penye uongo mwingi ndipo penye kazi."

Aliyoipenda kupita zote ni ile iitwayo Msalaba wa Chuma, ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ni msalaba mweusi wenye taji juu, herufi moja katikati na mwaka chini. Alinifundisha hata mimi. Ulio halali una moyo wa chuma kilichopakwa weusi, umezungushiwa fremu ya fedha ya vipande viwili vilivyounganishwa kwa lehemu. Wa bandia mara nyingi humiminwa wote kwa pamoja kama kipande cha sabuni. Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni sumaku, maana chuma hushika sumaku. Ukishashika ndipo lenzi inatoka, kisha mzani mdogo, kisha taa ya zambarau ya kumulika utepe, kwani nyuzi za siku hizi hung'aa chini ya taa ile na za zamani hazing'ai. Watoto wa jengo walimwita Mzee Sumaku, na jina alilipenda.

Alikuwa na maneno mawili aliyoyarudia mpaka tukayakariri. La kwanza ni hili: "Sisi tunanunua chuma, hatununui hadithi." Maana kila muuza medali ana hadithi ya babu yake shujaa, na hadithi haina mshono wa kukagua. La pili lilihusu wakusanyaji wenye pupa, wanaokwangua ukingo wa medali kwa tupa ili waone ndani kuna nini. Hao hakuwapenda kabisa. "Ukishakwangua umejua," alikuwa akisema, "lakini umeharibu. Hata ikiwa halali, itabaki halali yenye kovu." Neno hili la pili mliweke akilini, tutalirudia.

Sasa, ubaya wa kipimo ni kwamba hakikai mezani. Mzee alianza kutembea na sumaku yake kwenye mfuko wa shati. Alipima pete ya ndoa ya mkewe, ile aliyoinunua mwenyewe. Alipima kikombe walichoshinda vijana wa mpira wa mtaa, akawaambia ni bati lililopakwa, na vijana wakaondoka wamenywea. Alipima mkasi wangu. Mkasi wangu ulisifiwa, lakini sikuomba sifa hizo.

Binti alipopata mshahara wake wa kwanza alimnunulia baba yake saa ya mkono. Mzee alishukuru, akaivaa, akaivua, akachukua kisu chembamba na kubandua mfuniko wa nyuma aone mashine. Kisu kikateleza kidogo. "Si mbaya," akasema. Binti alicheka. Nami nilicheka, kwa kuwa mzee ndivyo alivyo. Shoga yangu peke yake hakucheka.

"Mume wangu," alimwambia, "kuna siku utamwekea mtu sumaku, naye ataondoka."

"Aliye chuma haogopi sumaku," mzee akajibu, akarudi kwenye kitambaa chake. Ndugu zangu, kila mtu humwona jirani anapoteleza, lakini nani husema? Tulimzoea tukanyamaza.

Ikaja siku ya mchumba kujitambulisha. Binti aliniomba nije kusaidia chai, akaninong'oneza, "Mama mdogo, kaa karibu na baba." Nikajua ana hofu.

Kijana alikuwa fundi wa lifti. Aliingia na shati lililopigwa pasi vizuri na kucha zilizosuguliwa, ingawa grisi ya lifti haitoki yote, hubaki kwenye mikunjo ya vidole. Akatoa shikamoo kwa baba, kwa mama, na kwangu pia. Mambo yalianza vizuri kuliko tulivyotarajia. Mzee alimuuliza habari za kazi, na kijana akamweleza kwamba lifti nayo ni mizani: upande mmoja kinaning'inia chumba cha watu, upande wa pili mawe ya kusawazisha. Mzee alivuta kiti mbele. Aliuliza mawe yana uzito gani ukilinganisha na chumba, na watu wakizidi inakuwaje, wakaelewana kama waliosoma darasa moja. Nilimtazama binti nikaona mabega yake yameshuka. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo nilivyowaza.

Kisha kijana akatoa leso mfukoni, akaifungua juu ya meza.

"Baba, nilisikia unapenda hizi. Nimekuletea moja."

Ndani ulikuwa Msalaba wa Chuma. Akaeleza ulivyomfikia. Kuna bibi mmoja mjane anayeishi ghorofa ya juu kabisa ya jengo analolihudumia. Lifti ilipoharibika, kijana alikuwa akimpandishia maji na vitu vya sokoni mpaka kipuri kikapatikana. Bibi alimuuliza kama ana mchumba, na wakwe zake ni watu gani. Aliposikia habari za mzee, akaingia chumbani akatoka na msalaba huo wa marehemu mumewe. Alisema hana wa kumwachia, na afadhali uende kwa mtu anayejua ni kitu gani.

Macho ya mzee yaling'aa. Angeishia hapo, mimi leo ningekuwa nashona. Lakini mkono wake ulikwenda kwenye mfuko wa shati.

"Baba," binti akasema polepole.

"Dakika moja tu."

Akaweka sumaku juu ya msalaba. Akainua. Sumaku ilikuja peke yake. Akaugeuza msalaba, akajaribu mgongoni. Sumaku ilikuja peke yake tena.

"Haushiki," akasema.

"Haushiki nini, baba?" kijana akauliza.

"Sumaku. Huu ni Msalaba wa Chuma usio na chuma." Sauti yake sasa ilikuwa ile ya sokoni, mbele ya muuza sukari. "Huyo bibi anaitwa nani?"

"Mimi namwita Bibi tu, baba. Wote pale wanamwita hivyo."

"Kila medali bandia ina bibi wake. Kijana, nimekagua watu maisha yangu yote. Anayeanza na uongo wa mfukoni mlangoni, akishaingia ndani ataleta gunia."

Niliona aibu mpaka nikatamani kuingia chini ya meza, na aibu haikuwa yangu. Kijana aliikunja leso yake tupu, pembe kwa pembe, hakuwa na haraka.

"Baba, medali sizijui," akasema. "Nimeleta nilichopewa. Nilidhani naleta heshima."

Akamshukuru mama kwa chai, akaniaga mimi, akamuaga na mzee, akatoka. Binti alichukua mkoba wake, akavaa viatu bila kufunga kamba, akamfuata. Msalaba ulibaki mezani. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, kwa kuwa dole hupona.

Binti hakurudi. Alihamia hosteli ya wauguzi, akawa anampigia mama yake simu, akimaliza husema, "Msalimie baba." Hakuomba azungumze naye. Mtoto mmoja waliyejaliwa, na sasa kitanda chake kimetandikwa tu. Nyumba iliyokuwa na mlango wazi ikaanza kufungwa mchana.

Mzee alishikilia msimamo wake kwanza. "Ukweli ni ukweli," alikuwa akisema, ingawa hakuna aliyembishia. Alitandaza medali kama kawaida, ila nilimwona ameshika moja muda mrefu akitazama dirishani. Mpaka siku moja, kwa kukosa la kufanya, akauchukua ule msalaba na kuuweka chini ya lenzi. Mimi nilikuwa pale nikimpimia shoga yangu gauni. Mzee aliinamia, akainuka, akainamia tena.

"Mke wangu," akasema, "hebu njoo. Fremu hii ina mshono. Ni vipande viwili, haikumiminwa. Na hivi vidoti vya ukingoni, kama ushanga, vimekaa sawasawa. Jumamosi nitaupeleka kwa wenzangu wa medali wauangalie. Ukiwa halali, nitamfuata yule kijana nimwombe radhi."

Shoga yangu alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa, akazichomeka kwenye mkono wa gauni.

"Na ukiwa bandia?"

Mzee alifikiri. "Ukiwa bandia, basi nilichosema ni kweli."

Mke alikwenda mezani na gauni lake la pini, akauchukua msalaba kutoka chini ya lenzi, akaufumbata.

"Huuoni tena," akasema. "Ukishakwenda kwa mtoto wa watu bila kujua ni halali au bandia, ndipo nitakurudishia. Kabla ya hapo hata ukipekua nyumba nzima, umepekua bure."

Na kweli alipekua bure, kwa kuwa msalaba haukuwa kwao. Ulikuwa kwangu, kwenye kopo la vifungo. Shoga yangu aliuzamisha humo kwa mkono wake, akaniapisha nisiutazame hata kwa jicho moja. Mnajua mimi nina sumaku yangu ya kuokotea pini na jicho langu la kushona, ila nilijizuia, na haikuwa rahisi.

Siku chache baadaye mzee akaja kwangu na shati, kifungo kimekatika. Alisimama mbele ya kopo lile huku nikitafuta kifungo cheupe juu juu, sitaki vidole vishuke chini. Akanisaidia kushika kopo.

"Fundi, wewe ni shoga yake," akasema. "Hujui alikouficha?"

"Mzee, mimi najua vifungo tu," nikamjibu, na nusura nijichome sindano. Hata leo akinikumbusha tunacheka.

Kilichomgeuza hakikuwa maneno ya mkewe wala yangu. Ilikuwa ile saa. Betri iliisha. Akakaa mezani, akabandua mfuniko wa nyuma abadilishe, na mwanga wa dirisha ukapiga juu ya alama ya kisu, ile ya siku alipoipima. Mkwaruzo mrefu, ndani ya saa nzuri isiyo na kosa. Saa ilikuwa imefanya kazi miaka yote hiyo bila kukawia, imevaa kovu alilolitia yeye, siku binti yake alipomletea mshahara wake wa kwanza.

Shoga yangu anasema aliigeuza saa mkononi, kisha akasema, "Nimekuwa mtu wa tupa." Akavaa koti akatoka. Sumaku aliiacha mezani.

Alimkuta kijana kwenye jengo la ofisi, lifti imefunguliwa, na kijana mwenyewe yuko ndani ya shimo la chini, kichwa chake kiko sawa na sakafu. Kwa hiyo mzee, ili waonane uso kwa uso, ilimbidi achuchumae. Magoti yake si ya kuchuchumaa, aliyeyaona aliyahurumia.

"Shikamoo, baba," kijana akasema kutoka chini.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuomba radhi."

Kijana alifuta mikono kwenye kitambaa. "Umeupima tena?"

"Hapana. Mke wangu ameuficha, sijui ulipo. Sijui kama ni halali, na sikuja kwa habari ya msalaba. Ulikuja nyumbani kwangu na mikono miwili, nami nikakukwangua mbele ya mchumba wako ili nijue ndani kuna nini. Nilikosa. Naona haya."

Kijana akasema, "Baba, shika nguzo hiyo uinuke, utapata kizunguzungu." Akapanda ngazi ya shimo haraka, akamshika mkono akamnyanyua. Wakanywa chai kwa mlinzi wa jengo. Haya yote alinisimulia kijana mwenyewe, na alipofika kwenye magoti alicheka mpaka akajifuta macho.

Binti alikuwa mgumu zaidi, kwa kuwa ni wa baba yake. Mzee alimfuata hospitalini wakati wa kubadilishana zamu, akasimama kwenye korido na kofia mkononi.

"Na ukija kugundua ni bandia?" binti akamuuliza.

"Nitauweka droo ya juu."

"Droo ya juu unaweka zile bora."

"Ndiyo maana," mzee akasema.

Jioni hiyo nilisikia mlango wa pili unafunguliwa, na vicheko, na maji yanamiminwa kwenye beseni. Nilikwenda kuomba chumvi.

Harusi ilifanyika, gauni nilishona mimi, na msinione najisifu, lilikaa. Yule bibi mjane wa ghorofa ya juu naye alikuja, kijana alimfuata na gari. Kumbe ni bibi wa kweli, mdogo, mcheshi, anayekula taratibu. Mzee alimketisha karibu naye, akamuuliza habari za marehemu. Bibi akaongea, akaongea sana. Akasema mumewe alipenda kuubandika ule msalaba kwenye mlango wa friji, nao kila mara ulianguka, na kila mara alimweleza jambo lile lile: kwamba ndani ni shaba, ati baadhi ya medali hizo zilitengenezwa hivyo kwa watu wa meli, zisiiharibu dira. "Sijui kama ni kweli," bibi akasema. "Alikuwa na maneno mengi, lakini mimi nilimpenda."

Nilimkazia macho mzee. Mtu wa "hatununui hadithi" alikuwa ameegemea kiti, ametabasamu, anammiminia bibi chai ya pili. "Endelea, mama," akamwambia.

Siku ile ile shoga yangu alinipa ishara, nikarudisha msalaba. Mzee aliupokea ukiwa na kifungo cha bluu kimenasa kwenye pete ya kuutundikia, akanitazama, akatikisa kichwa. Nilimshonea mto mdogo wa mahameli, akauweka droo ya juu, katikati. Wenzake wa medali wakija, kila mmoja akiufikia huingiza mkono mfukoni kutafuta sumaku. Mzee hufunika kwa kiganja.

"Huo haupimwi."

"Kwani ni halali?"

"Ni wa mkwe wangu."

Najua mnataka kujua. Hata mimi nilitaka. Lakini kopo la vifungo limebaki na vifungo vyangu tu, na siku hizi ule mlango wa pili uko wazi tena.

Funzo la Hadithi Hii

Ndugu zangu wa jengo hili na wa majengo mengine, shaka si dhambi. Mpime muuza sukari, mpime anayekuuzia kiwanja, na medali za kununua zipime mpaka uchoke. Lakini zawadi haikuja kukaguliwa, na mtu aliyeingia kwako na mikono miwili hakuja kununuliwa. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Shaka ikihamia nyumbani hula mke, hula mtoto, hula wageni, na mwisho hubaki na mwenye nyumba peke yake na sumaku yake. Anayekwangua watu ili awajue, huwajua, lakini huwaachia kovu.

Na ukikosea, usingoje ushahidi ndipo uombe radhi. Mzee angekwenda na cheti cha uhalali mkononi, angekuwa ameuomba radhi msalaba. Alikwenda hajui kitu, akachuchumaa. Ndiyo maana leo ana mkwe anayempigia simu kila Jumapili, na mjukuu anayetambaa chini ya meza ya medali, ambaye juzi alikaribia kumeza sumaku ya babu yake. Mzee aliichukua kinywani mwa mtoto, akaifuta kwa shati, akaitazama, akaniletea mimi niokotee pini.